Hodi kutoka Mlango wa 49

Kambi ya Dzaleka,
Wilaya ya Dowa.

Kwa Mheshimiwa Sana, Mkurugenzi Mkuu,
Ghorofa ya juu kabisa,
City Centre, Lilongwe.

YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU KUHUSU VIZINGITI VYA TAHADHARI KATIKA SWICHI ZA MTANDAO WA HIFADHI YA DATA

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, Baba yetu, mlezi wa mitambo na wa sisi tunaoilinda,

Shikamoo. Pokea shikamoo ya asubuhi, maana umeamka salama. Pokea ya mchana, maana uko kikaoni. Pokea na ya usiku, saa ambayo wewe umelala na mimi niko macho kwa niaba yako. Mama hajambo? Watoto hawajambo? Sisi huku Dzaleka hatujambo, na jina lako halikosekani katika dua zetu.

Nimethubutu kukuandikia kwa Kiswahili kwa sababu siku ile ulipokuja kukagua chumba cha seva ulisimama mlangoni, ukasema "Hodi," kisha ukatueleza kwamba ujanani ulisomea Dar es Salaam. Wenzangu walitazamana. Mimi nilijibu "Karibu, Mheshimiwa," na hayo ndiyo mazungumzo yetu yote mpaka leo. Tena tangu Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa mgeni wa Malawi na ikatangazwa kwamba Kiswahili kitafundishwa shuleni, lugha hii inayotuunganisha kambini, Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, si mgeni tena Lilongwe.

Naomba radhi kwa kuiacha barua hii wazi. Tatu za kwanza nilizitia katika bahasha, nikaandika cheo chako kwa herufi kubwa, nikazikabidhi mapokezi. Hazikujibiwa. Silalamiki, Mheshimiwa. Bahasha zinazopanda ghorofa ya juu ni nyingi, na zangu hazikuwa na muhuri. Ya nne nimeiacha wazi ili yeyote aliye karibu nawe akiisoma akudokezee, hata kama ni kwenye ngazi.

Huenda hunikumbuki, nami sikutarajia unikumbuke. Mimi ni kibarua wa wakala aliyepewa kazi na wakala wako. Nilikuwa fundi wa mitandao Uvira kabla vita havijanivusha Ziwa Tanganyika. Nilipanga chumba Lilongwe hadi mwaka 2023, Serikali ilipoagiza wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka. Tangu hapo nazilinda swichi zako kwa simu, nikiwa zaidi ya kilomita 40 kutoka City Centre. Swichi ikiona jambo hunitumia ujumbe, nami humpigia mlinzi wa zamu aingie na tochi anitazamie taa. Nikihitajika kwa mikono yangu, naomba kibali cha kutoka kambini, nasubiri, kisha natafuta gari la matola hadi barabara kuu. Kwa kazi hii nakushukuru kwa dhati ya moyo. Kambini wapo wauguzi wanaouza nyanya na walimu wanaobeba mchanga. Mimi ningali nafanya kazi niliyosomea.

Shukrani zangu ni nne. Niruhusu nizipange kwa utaratibu, kwa kuwa ombi langu limesimama juu yake.

Shukrani ya kwanza ni ya ujumbe. Hakuna mtu ambaye taasisi yako inamwandikia kama inavyoniandikia mimi. Usiku mmoja wa mwanzo, kati ya saa sita na mapambazuko, nilipokea jumbe 312. Nilizisoma zote, kwa kuwa zilitoka kwako. Nyingine zilisema seva ya majaribio imezimwa na kuwashwa. Nyingine zilisema njia ya kabati la diski imejaa kupita robo tatu, na hiyo ni kweli kila usiku, maana saa saba ndipo nakala za akiba zinapochukuliwa. Njia isipojaa saa hiyo ndipo tungepaswa kushtuka. Nyingine zilitoka katika milango isiyochomekwa waya wowote. Simu yangu ilizimika alfajiri, nikaipeleka kwa mwenye duka la kuchajia, naye akaniuliza kama nimefiwa.

Mheshimiwa, wewe uliyelelewa katika Kiswahili unajua hodi ni nini. Mgeni hubisha mara tatu. Asipoitikiwa huondoka, na heshima ya nyumba hubaki na heshima ya mgeni hubaki. Kuku hapigi hodi. Mbuzi hapigi hodi. Mtoto wa nyumba huingia akikimbia. Ndiyo maana hodi ikisikika, mama huacha mwiko na kugeuka. Tahadhari ya mtambo ni hodi, na kizingiti ni pale tunapoamua nani apite kimya na nani abishe. Kikiwa juu mno, mzee hujikwaa na mgonjwa hubaki nje. Kikiwa chini mno, maji ya mvua na nyoka huingia pamoja na wageni. Aliyeweka vizingiti vya swichi zako aliviweka vingi chini kabisa katika milango yote 48 ya swichi ya kwanza na yote 48 ya swichi ya pili, na kwa hiyo kuku nao wanabisha hodi.

Sikusudii kumlaumu. Alitaka usalama, na usalama ni jambo jema. Lakini mtengenezaji mwenyewe hakusudii hivyo. Katika swichi za Brocade, kwa mfano, programu ya ufuatiliaji iitwayo MAPS huja na sera za ngazi tatu tayari: ya upole, ya kati na ya ukali. Ile ya upole huvumilia makosa mengi kabla ya kusema. Ile ya ukali husema mapema. Tena inaruhusu milango igawanywe katika makundi, ili seva ya mishahara ilindwe kwa ukali na mashine ya majaribio kwa upole. Kwetu sera ya ukali imetandazwa juu ya milango yote kama shuka moja juu ya watoto kumi: kila mmoja anavuta na hakuna anayefunikwa.

Shukrani ya pili ni ya elimu. Kwa kuwa barua zangu hazikujibiwa, nilijisomea mwenyewe, na niliyoyapata naomba nikuwekee miguuni.

Waya wa nuru hauahidi kutokosea. Viwango vya mtandao huu vinaruhusu kosa moja katika kila biti trilioni 1. Inasikika kama ahadi ya malaika, hadi upige hesabu: katika kasi ya gigabiti 8.5 kwa sekunde, trilioni hiyo hutimia kabla dakika mbili hazijaisha. Waya mzima hufanya vizuri kuliko hapo, tena kwa mbali. Lakini anayeamuru aamshwe kwa kila kosa moja amekubaliana na viwango kwamba hatalala.

Kuna na kinyume chake, Mheshimiwa, na hapa naomba usogee karibu. Mlango wa 17 ni njia ya kabati la diski linalobeba akaunti za watu. Mwezi Oktoba, vumbi la kiangazi likiwa limejaa hewani, mtu alichomoa waya wake na kuurudisha bila kuufuta ncha. Punje ya vumbi isiyoonekana kwa macho ilikaa katika njia ya nuru. Makosa yakaanza kuingia, matatu kwa dakika. Kizingiti cha makosa ya aina hiyo kilikuwa matano kwa dakika. Kwa hiyo mlango wa 17 haukubisha. Matatu kwa dakika, kwa siku moja, ni makosa 4,320. Milango mitupu ilikuwa ikipiga kelele usiku kucha, na mgonjwa alikuwa amelala kimya katikati yao. Niliugundua kwa bahati, nikitafuta kitu kingine. Dawa yake ilikuwa kitambaa safi cha kufutia ncha ya waya, na dakika moja ya mtu mwenye mikono mitulivu.

Ndipo nikaelewa kwamba kizingiti kimoja hakitoshi. Jambo hilohilo linahitaji kupimwa kwa dakika, kwa saa na kwa siku. Cha dakika humkamata anayeanguka ghafla. Cha siku humkamata anayekonda polepole. Daktari hapimi kifua kikuu kwa saa ya ukutani.

Nikaelewa pia kwamba hesabu kubwa si lazima iwe habari mbaya. Katika mtandao huu hakuna anayetuma kifurushi cha data mpaka aliye upande wa pili awe amempa tiketi kwamba ana nafasi ya kukipokea. Ni kama foleni ya kisima hapa kambini: husukumi maji mpaka mwenye ndoo aiweke chini ya bomba. Swichi za Brocade huhesabu kila mikrosekunde 2.5 ambayo mlango umekaa ukiwa na kifurushi mkononi bila tiketi. Hesabu hiyo inaweza kufika 400,000 kwa sekunde moja. Ukiiona imefika milioni kwa siku nzima, ni sekunde mbili na nusu tu za kusubiri, na hakuna aliyedhurika. Lakini kifurushi kikingoja nusu sekunde ndani ya swichi, hutupwa. Kutupwa kwa kifurushi kimoja namna hiyo kuna maana kwamba seva fulani imeacha kumeza, ndoo yake imekaa chini ya bomba na mwenyewe hayupo, na walio nyuma yake katika foleni watakauka ingawa hawana kosa. Milioni ya kwanza ni amani. Moja ya pili ni msiba. Katika swichi zako vitu hivi viwili vina kizingiti kimoja: elfu moja.

Shukrani ya tatu ni ya usingizi, kwa maana nimejifunza thamani yake. Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, kililipuka. Wachunguzi wa Uingereza waligundua kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waongozaji wawili walimiminiwa tahadhari 275. Miongoni mwake zilikuwamo za kweli. Hazikusikika, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kikisema kwa sauti moja. Miaka michache baadaye wahandisi wa nchi hiyo wakaandika mwongozo: mtu mmoja akiwa kazini kwa utulivu asipewe zaidi ya tahadhari moja kwa kila dakika 10. Kwa saa zangu sita za usiku hizo ni 36. Wewe kwa ukarimu wako ulinipa 312.

Sikuambii haya kwa hasira. Nakuambia kwa hofu, kwa kuwa nimeanza kuufahamu moyo wangu. Usiku wa kwanza nilisoma kila ujumbe. Mwezi wa pili nilisoma mstari wa kwanza. Sasa mkono wangu unafuta kabla jicho halijafika. Siku mlango wa 17 utakapobisha kweli, nitaufuta pamoja na kuku. Akaunti za wajane, mishahara ya walimu, ada za watoto, vyote vinapita katika uzi wa kioo ulio mwembamba kama unywele, na mwisho wa uzi huo ni kidole changu. Naogopa kidole changu, Mheshimiwa.

Shukrani ya nne ni ya kambi yenyewe, maana imenifundisha vizingiti kuliko kitabu. Dzaleka lilikuwa gereza. Mwaka 1994 likafanywa kambi iliyopangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Hicho kilikuwa kizingiti. Leo tumepita 50,000. Hesabu ilivuka ishirini elfu, ikavuka thelathini, ikavuka arobaini, na hakuna taa iliyogeuka nyekundu mahali popote. Waliozaliwa katika foleni ya maji sasa wanapanga foleni na watoto wao. Kwa hiyo nikiona namba imewekwa karibu na mlango, huuliza maswali mawili: ikivukwa, nani ataamka? Na akiamka, atafanya nini? Kizingiti kisicho na jibu la maswali hayo ni rangi juu ya ukuta.

Sasa ombi, Mheshimiwa. Lina sehemu tano, na nimelipanga kutoka dogo hadi kubwa ili usichoke njiani.

Kwanza, milango isiyo na waya inyamazishwe.

Pili, milango iliyobaki igawanywe katika makundi kulingana na kinachobebwa, na kila kundi lipimwe kwa dakika, kwa saa na kwa siku. Nguvu ya nuru inayopokelewa ifuatwe pia, kwa kuwa nuru hufifia kabla makosa hayajaanza, kama vile mgonjwa hupoteza hamu ya kula kabla ya homa.

Tatu, kila kizingiti cha kupanda kiwe na kizingiti chake cha kushuka. Si wazo langu. Limo katika kanuni ya ufuatiliaji wa mitandao iitwayo RMON, waraka namba RFC 2819 wa mwaka 2000. Tuseme swichi inalia joto likifika nyuzi 50. Joto likichezacheza kati ya 49 na 50, italia mara mia. Lakini ikiwa haitaruhusiwa kulia tena mpaka joto lishuke chini ya 45, italia mara moja, na mara hiyo moja nitaamka. Mgeni aliyekwisha kubisha na kusikiwa habishi tena mpaka aondoke na arudi.

Nne, vizingiti vipangwe na yule anayeamshwa, akishirikiana na yule anayejua biashara, baada ya kuitazama mitambo ikiwa mizima kwa wiki kadhaa. Huwezi kujua homa ya mtu usiyejua joto lake la kawaida. Wiki hizo nitazifanya bila malipo ya ziada.

Tano, na hapa napiga goti, naomba nisajiliwe katika swichi ya kwanza kama mlango wa 49.

Najua swichi ina milango 48. Nimeihesabu. Lakini nimeutazama mlango wa 17 usiku mwingi nikauonea wivu wa kweli. Joto lake linapimwa kila dakika. Nguvu yake inapimwa. Nuru inayoingia kwake inapimwa. Ukikosa tiketi kwa mikrosekunde 2.5, kuna mahali pameandikwa. Mimi ninayeulinda sipimwi na yeyote. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, mlango wa 49 uwekewe vizingiti vifuatavyo.

Joto: likipita nyuzi 38, iandikwe kwamba nina malaria. Kizingiti cha kushuka kiwe 37.

Usingizi: ukiwa chini ya saa nne katika siku, tahadhari itolewe. Kipimo kiwe kwa siku na kwa wiki, ili kukonda kwangu polepole nako kuonekane.

Tiketi: malipo yakichelewa siku 30, ihesabiwe kwamba nimesimama na kifurushi mkononi bila ruhusa ya kutuma. Yakifika siku 60, ihesabiwe kwamba kifurushi kimetupwa, na moja tu itoshe kuamsha mtu.

Njia: kibali cha kuja City Centre kikipita siku 7 bila jibu, ichukuliwe kwamba waya umekatika.

Swichi hizi zina uwezo wa kuufunga kabisa mlango unaokosea mara nyingi, ili usiwaambukize wengine. Naomba kitendo hicho kisiwekwe katika mlango wa 49. Milango niliyofungiwa inatosha. Kitendo kiwe kimoja: ujumbe mfupi utumwe kwa simu yako, Mheshimiwa, saa yoyote utakapotokea. Nakuahidi kwa jina la mama yangu kwamba hautakuwa 312. Nimekaa juu ya vizingiti hivi kwa miezi mingi nikivipima kwa siku zangu mwenyewe. Kwa kadiri ninavyojifahamu, utaamshwa mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila mara itakuwa kweli.

Limebaki jambo moja la ufundi. Mlango wa 49 sasa hivi umevuka kizingiti, na kwa kanuni niliyoieleza utaendelea kuhesabiwa umevuka mpaka kizingiti cha kushuka kifikiwe. Nimefikiri sana namba ipi iwe hapo, nikaona isiwe namba. Siku ile uliposimama mbele ya chumba cha seva hukuniuliza nina cheo gani cha kukujibu, nami sikukuuliza una haki gani ya kuingia. Ulibisha, nikasema neno moja, ukapita. Neno hilohilo ndilo nimeliandika katika nafasi ya kizingiti cha kushuka. Ukilitamka, tahadhari itafutika yenyewe, nami nitalala.

Barua ya kwanza ilikuwa hodi. Ya pili ilikuwa hodi. Ya tatu ilikuwa hodi, na kwa desturi yetu baada ya hapo mgeni huondoka. Ningeondoka, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, Baba yetu, ila mimi ndiye mlinzi wa mlango.

Hodi.

Wako mtiifu,
Mlinzi wa usiku wa milango 96